Ubao wenye meno ya mawe: nini kilifanyika chini yake?

Ni ubao mzito, wa kunyanyuliwa na watu wawili. Una urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, umeungwa kwa mbao nene mbili au zaidi, na ncha yake ya mbele imepinda kwenda juu kama omo la mashua. Juu hauna la ajabu, pengine pete ya chuma tu ya kufungia mnyororo. Ugeuze sasa. Upande wa chini umejaa vipande vya mawe, mamia kwa mamia, vimepigiliwa safu kwa safu, na kila kimoja kimechomoza kidogo tu.

Kazi yangu ni kutambua na kuhifadhi zana za kale za shambani, na picha za ubao huu hunifikia mara nyingi kutoka kwa watu walioununua Hispania, Uturuki au Kupro. Wauzaji wa vitu vya kale huuwekea kioo na kuuza meza ya sebuleni. Wanunuzi wengine wameambiwa ni mlango wa ngome, wengine chombo cha kutesea wafungwa. Msomaji mmoja aliniandikia akiwa na hakika kwamba ni haro ya kuvunjia mabonge ya udongo baada ya kulima. Hilo angalau ni wazo la mtu aliyefikiri, na linastahili kujibiwa vizuri.

Mimi huanza na mawe, umbo hulifuata baadaye. Umbo hudanganya, kwa sababu ubao uliopinda mbele unaweza kuwa sileji ya kuburutia mizigo, na nusu ya zana za dunia ziliburutwa na wanyama. Jiwe lililofanya kazi haliwezi kuficha kazi yake. Haro huingia ardhini, hukutana na kokoto, na meno yake humeguka ovyo. Mawe ya ubao huu hayakumeguka hivyo. Makali yake yamekuwa butu na mviringo, na yanang'aa ukiyageuza kwenye mwanga. Kwa hadubini utaona pia mikwaruzo mirefu inayoelekea upande mmoja, ule ule wa safari ya ubao. Mng'ao huo huletwa na nafaka. Mabua ya ngano na shayiri yana silika, yaani madini magumu kama ya mchanga, na silika hiyo husugua gumegume, jiwe gumu la meno haya, taratibu, msimu baada ya msimu.

Kuna chombo kingine chenye mawe ndani ya mbao: kikuno cha muhogo cha Wabaniwa wa Amazoni, chenye vipande vidogo vya jiwe la kwatzi. Lakini kile huegemezwa mapajani, na mawe yake huelekea juu.

Basi huu ni ubao wa kupuria. Wasomaji wa Biblia wamekutana nao bila kuuona: katika Isaya 41:15 Israeli inaahidiwa kufanywa chombo kikali kipya cha kupuria, chenye meno. Neno "kipya" pale lina uzito kwa mtu aliyeushika ubao wenyewe, maana meno yaliyochakaa husugua tu bila kukata. Na katika 2 Samweli 24, Arauna, mwenye uwanja wa kupuria, anamtolea Daudi ng'ombe wawe sadaka na vyombo vya kupuria viwe kuni. Hapo tunajua kwamba ni mbao, na kwamba vilikuwa pale pale uwanjani pamoja na wanyama.

Kwetu wengi tumezoea kupura mtama na maharage kwa fimbo, na mpunga kwa kuupigiza. Katika nchi za Mediterania, masuke yalitandazwa kwenye uwanja mgumu wa duara, kisha maksai au baghala wakauburuta ubao huu juu yake, wakizunguka saa baada ya saa jua likiwa kali. Mwendeshaji alisimama au kuketi juu ya ubao, wakati mwingine na watoto, kwa sababu bila uzito mawe hayafanyi kazi. Ncha iliyopinda iliuwezesha kupanda juu ya rundo badala ya kulisukuma mbele.

Jambo ambalo maelezo mengi ya makumbusho huliruka ni mabua. Kama lengo lingekuwa punje peke yake, kwato za ng'ombe zingetosha, na kweli sehemu nyingi zilitosha. Mawe yaliwekwa makali yake yakifuata mwendo ili yakate mabua vipande vifupi. Vipande hivyo vilikuwa chakula cha mifugo kwa miezi isiyo na malisho, na vilichanganywa kwenye udongo wa kufyatulia matofali. Baada ya kupura, watu walisubiri upepo wakarusha kila kitu juu kwa uma za mbao: punje zikaanguka karibu, makapi yakaenda mbali. Kwa nyumba yenye wanyama, rundo lile la mbali lilikuwa mali.

Umri wa chombo hiki kama aina ni mkubwa mno. Varro, Mroma aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 1 KK, anaeleza ubao uliotiwa mawe au vyuma, wenye mwendeshaji au mzigo juu yake. Mwanaakiolojia Patricia Anderson na wenzake wamechunguza mng'ao kwenye visu vya gumegume vya Mesopotamia vya milenia ya 3 KK na kuonyesha kwamba vilitumika kwenye mbao za namna hii. Lakini ubao ulio sebuleni kwako hautoki huko. Huko Cantalejo, katika mkoa wa Segovia nchini Hispania, mafundi walichonga mbao hizi na kwenda kuziuza na kuzikarabati sehemu mbalimbali za nchi mpaka karne ya 20, wakiwa na lugha yao ya siri ya kibiashara iitwayo gacería. Mashine za kuvunia ndizo zilizowamaliza.

Ukitaka kukisia asili ya ubao wako, tazama tena mawe. Gumegume ni la kawaida Hispania, Uturuki na Kupro. Jiwe jeusi la basalti lenye matundu huelekeza Shamu. Ukiona kiti juu ya magurudumu membamba ya chuma, hicho ni norag cha Misri, ndugu yake kwa kazi.

Nawasihi wenye nao: msipige vanishi upande wa chini, msisugue mawe kwa brashi ya chuma, wala msing'oe yaliyolegea ili meza itulie. Jiwe likidondoka, litie kwenye mfuko na uandike lilitoka safu ipi. Uchafu ulioganda kwenye nyufa uacheni pia, maana ndani yake mara nyingi mna chembe za mimea, na hizo zinaweza kueleza kama ubao ulipita juu ya ngano au shayiri.