Mzazi Akila Kiapo, Mtoto wa Miaka 17 Anakuwa Raia, wa Miaka 18 Hawi

Tangu mtihani wa uraia wa Marekani ubadilishwe kwa wanaowasilisha maombi kuanzia 20 Oktoba 2025, simu haziishi ofisini kwetu. Maswali ya kujifunza sasa ni 128. Afisa anauliza hadi 20, na ukipata 12 umepita. Ukikosa tisa anasimamisha hapo hapo. Wazazi wengi kutoka Kongo na Burundi wameahirisha maombi yao kwa hofu, na hofu hiyo naielewa. Lakini mzazi mwenye mtoto wa miaka 15, 16 au 17 ajue kwamba haahirishi uraia wake peke yake.

Sheria ya Uraia wa Watoto, iliyoanza kutumika 27 Februari 2001, inampa mtoto uraia papo hapo mzazi wake anapokuwa raia, mradi mtoto ana grin kadi (kadi ya mkaazi wa kudumu), hajatimiza miaka 18, na anaishi Marekani na mzazi huyo, ambaye pia ana haki ya kisheria ya kumlea. Hafanyi mtihani, hajazi N-400, yaani fomu ya kuomba uraia. Mzazi mmoja anatosha. Habari kwamba lazima baba na mama wote wawe raia ni ya sheria ya zamani, na nimeshachoka kuisahihisha kila Jumatatu baada ya watu kuisikia tena kanisani.

Tuchukue mfano wa familia iliyofika Machi 2019 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mkimbizi akishapata grin kadi huhesabiwa kuwa mkaazi wa kudumu tangu siku aliyoingia nchini, si siku kadi ilipotoka. Mama huyu basi angeweza kuwasilisha N-400 tangu Desemba 2023, siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano. Akasubiri Kiingereza chake kikae vizuri, akala kiapo Oktoba 2025. Watoto wake wa miaka 12 na 15 wakawa raia saa ile ile, wakiwa darasani. Kaka yao alikuwa ametimiza miaka 18 Agosti. Yeye hakupata kitu, na hakuna rufaa ya kuirudisha miezi hiyo miwili.

Tarehe ya kuzaliwa ina uzito wake hapa. Watu wetu wengi waliandikwa 1 Januari kambini kwa sababu hapakuwa na cheti. Afisa anaanza na tarehe iliyo kwenye grin kadi, si ile anayoikumbuka bibi. Kama kuna kosa na mna ushahidi, tafuteni mwanasheria mapema, kabla mtoto hajakaribia 18.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kulisema mbele ya familia. Kwetu mtoto wa marehemu kaka yangu ni mtoto wangu, na hakuna anayeuliza zaidi. Sheria ya Marekani inauliza. Mpwa uliyemlea tangu akiwa mchanga hapati uraia kupitia kwako, wala mtoto wa kambo hapati, hata kama anakuita mama na mnakula sahani moja. Lazima awe ameasiliwa kisheria, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka 16, na muwe mmeishi naye kwa miaka miwili huku mkiwa na haki ya kumlea. Na kama alisajiliwa kambini kuwa mtoto wako wa kumzaa, usijaze fomu yoyote kabla ya kumwona mwanasheria na kumweleza ukweli wote.

Mtoto aliyekwisha kuwa raia anahitaji ushahidi tu. Kuna cheti cha uraia, kinachoombwa kwa fomu N-600 na hakina ukomo wa umri. Hata mwenye miaka 30 anaweza kukiomba. Pasipoti ni nafuu zaidi. Peleka cheti cha uraia cha mzazi, grin kadi ya mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, wazazi wote wawili wafike, au asiyefika atoe idhini ya maandishi iliyothibitishwa rasmi. Tafadhali msimjazie N-400 mtu ambaye tayari ni raia. Kila mwezi tunaona familia zikilipa ada isiyo ya lazima kwa sababu jirani aliwaambia hivyo.

Aliyepitwa anajiombea mwenyewe. Kaka yule wa Agosti alikuwa na miaka yake mitano tayari, kwa hiyo angeweza kuwasilisha N-400 siku ile ile aliyotimiza 18. Hahitaji kumsubiri mama. Lakini mpaka atakapokula kiapo yeye ni mwenye grin kadi, na grin kadi mahakama inaweza kuifuta. Bangi inauzwa wazi katika majimbo mengi, ila sheria ya shirikisho bado inaikataza, na kukiri tu mbele ya afisa kwamba uliivuta kunaweza kukunyima uraia. Safari ya nje inayozidi miezi sita inazua maswali. Ikifika mwaka mmoja, hesabu ya miaka mitano kwa kawaida inakatika. Kijana wa kiume lazima awe amesajiliwa kwenye Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini.

Na ofisi ya leseni ya udereva ikimuuliza kama anataka kujiandikisha kupiga kura, ajibu hapana. Asiyekuwa raia akitia alama kwamba ni raia ili aandikishwe, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitano, na anaweza kufukuzwa nchini. Kusema "karani ndiye aliyenijazia" hakumwondolei kesi. Kama alama hiyo imeshatiwa, asiwasilishe N-400; aje kwanza na nakala ya fomu aliyosaini.

Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya ushauri juu ya kesi yako. Mkija, njooni na grin kadi za wote nyumbani, hata za wale mnaodhani haziwahusu.