Herufi za mbao na ruta ya CNC: dhana potofu na ukweli wake

Ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, imewawezesha maseremala na wachapaji wengi kujitengenezea herufi kubwa za mbao, zile zinazopangwa, kupakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi ili kupata bango. Pamoja na hamasa hiyo yameenea mambo kadhaa yasiyo ya kweli, na mengine huishia kuharibu mbao nzuri iliyopatikana kwa gharama.

Dhana: “Herufi halisi ya mbao ni ile iliyochongwa kwa mkono, ya mashine ni bandia.”

Huko China ni kweli kwamba herufi za mbao zilichongwa kwa mkono. Mwaka 1298 ofisa wa wilaya Wang Zhen alichapa kitabu kuhusu wilaya yake akitumia herufi zilizochongwa kwa namna hiyo. Lakini herufi za mabango tunazozihusudu leo, zile nene za karne ya 19, tangu mwanzo zilikuwa kazi ya kiwandani. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzichonga kwa ruta, yaani biti (ncha ya kukatia) inayozunguka, na mwaka 1834 William Leavenworth akaiongezea pantografu, kifaa ambacho fundi hukitumia kufuatisha kielelezo kwa mkono huku biti ikichonga umbo lilelile kwa kipimo kingine. Kampuni ya Hamilton ya Two Rivers, Wisconsin, iliyoanzishwa mwaka 1880, ilikua hadi ikawanunua washindani wake wakubwa, na haikukua kwa patasi. CNC imeweka faili mahali pa kielelezo, lakini biti inayozunguka ni ileile ya Wells. Kuiita kazi hii bandia ni kuwadhulumu mafundi wa zamani na wa sasa pia.

Dhana: “Mbao yoyote ngumu inafaa.”

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu ugumu ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Karne ya 11 Bi Sheng wa China, aliyebuni herufi za udongo, aliikataa mbao kwa hoja kadhaa, mbili zikiwa hizi: nyuzi zake hazilingani, na mbao hunywa unyevu ikavimba. Viwanda vya Marekani vilizijibu hoja hizo kwa kukata gogo la mepo ngumu, mti wa Amerika Kaskazini, kwa mkingamo na kuchonga herufi kwenye uso ule unaoonyesha pete za ukuaji, ili nyuzi zisimame wima kutoka chini ya herufi hadi usoni. Mbao hupungua au kuvimba kwa asilimia kadhaa kwa upana wake, lakini kwa urefu wa nyuzi hubadilika kidogo mno. Kwa hiyo herufi iliyokatwa hivyo hulinda kimo chake hata unyevu ukipanda, na fundi wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ya pwani haikauki, ana sababu zaidi ya kulizingatia hilo. Nyuzi zilizosimama pia hustahimili mkandamizo wa mara nyingi bila kubonyea, na hazichaniki kwa mistari mirefu biti inapopita.

Kisha kuna vinyweleo vya mbao. Ukilainisha kipande cha mninga au mvule kilichokatwa kwa mkingamo na kukitazama kwenye mwanga, utaona vitundu wazi kwa macho, na kila kitundu hicho kitatokea kwenye karatasi kama nukta nyeupe ndani ya weusi wa herufi. Vinyweleo vya mepo ni vidogo sana, ndiyo maana wino hutulia juu yake kama kitambaa kimoja. Mpingo nao una vinyweleo vidogo na ugumu wa ajabu, lakini magogo yake mengi ni membamba, yamepinda na yana nyufa, biti huchoka upesi, na mti unaochukua miongo mingi kukomaa haustahili kugeuzwa bango la wiki moja. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi unafaa kwa majaribio, ila kingo zake humomonyoka mapema.

Dhana: “Mashine ikiwa sahihi, herufi itakuwa sahihi.”

Mashine huondoa mbao inayoizunguka herufi. Uso unaochapa ndio ambao biti haiugusi kabisa. Ubora wake umeshaamuliwa kabla mashine haijawashwa, kwa msumeno, randa, msasa laini na vanishi ya shelaki. Kimo cha kawaida cha herufi, kutoka chini hadi usoni, Marekani na Uingereza ni inchi 0.918, yaani takriban milimita 23.3, na kosa la unene wa karatasi moja ya ofisi, kama milimita 0.1, linaonekana kwenye chapa. Herufi fupi hutoka na mabaka, na ndefu hudidimiza karatasi na kuinyima wino jirani yake. Wanaosema kwamba nguvu ya mtambo wa kuchapia itasawazisha tofauti hiyo wanazila kingo za herufi zao wenyewe. Dawa ya herufi fupi ni kuiwekea karatasi chini, na dawa iliyo bora ni kusawazisha vipande vyote kwa pamoja kabla ya kuchonga.

Kona nazo hudanganya. Biti ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 3 huacha kila kona ya ndani ikiwa na mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1.5, tazama K au W na utauona pale mikono inapokutana. Biti nyembamba zaidi hupunguza kasoro hiyo, lakini hukatika kwa urahisi. Wafanyakazi wa viwanda vya zamani walimalizia kona kwa kisu, na kazi hiyo bado ipo.

Dhana: “Fonti ya kompyuta ikishageuzwa kama kwenye kioo, kazi imekwisha.”

Kugeuza ni lazima, lakini bado kuna swali la idadi. Seti za zamani ziliuzwa kwa kuhesabu A zilizomo, na mgawanyo wake ulifuata Kiingereza, lugha inayokula E kuliko herufi nyingine zote. Jaribu kupanga MKUTANO WA HADHARA: unahitaji A tano na huhitaji E hata moja, kwa hiyo seti ya A tatu inakwama katika neno la mwisho. Anayechonga kwa ajili ya Kiswahili aongeze A na I, asisahau K, M, N, U na W, na Q na X azichonge moja moja kwa ajili ya majina ya kigeni.