Je, wajua? Kennedy wa Kisumu ni mwanamume, Kennedy wa Marekani huenda ni msichana

Ita "Kennedy!" kwenye foleni ya benki Kisumu, atanyanyuka mwanamume. Ita jina hilohilo katika darasa la watoto Marekani, na yamkini ataitikia msichana. Jina ni moja, la ukoo, asili yake Ireland. Sasa jina kama hilo likipewa mtoto liwe jina lake la kwanza, ni la kike, la kiume au la wote?

Lenyewe halina jinsia. Hulivishwa na wanaolitumia, na kila jamii hulivisha kivyake.

Zamani majina ya ukoo yaliyotumiwa hivyo yalielemea kwa wavulana. Familia nyingi za Uingereza na Marekani zilimpa mtoto wa kiume jina la ukoo wa mama, lisije likapotea mama akishaolewa. Hata John Fitzgerald Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani, hilo Fitzgerald ni la kwao mama yake, Rose Fitzgerald. Kenya ililipokea Kennedy kama jina la kiongozi, tena mwanamume, na likabaki kwa wanaume mpaka leo.

Marekani majina ya aina hii yalihamia kwa wasichana. Ashley, lililokuwa la wavulana, liliongoza majina ya wasichana mwaka 1991 na 1992. Madison ni kichekesho zaidi: "son" mwishoni ni mwana wa kiume, lakini filamu ya Splash (1984) ilimwonyesha nguva akijichagulia jina hilo kwenye kibao cha barabara New York, na baada ya hapo wasichana wakalijaa. Kwa hiyo maana ya asili haikusaidii kitu.

Uhamaji huu aghalabu ni wa upande mmoja. Jina likishazoeleka kwa wasichana, wazazi wa wavulana hulikwepa. Ndiyo maana "jina la wote" mara nyingi ni kituo cha njiani tu.

Ukitaka kupima jina, usitegemee orodha za "majina ya wote". Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani hutoa faili la kila mwaka kuanzia 1880, na kila mstari una jina, herufi F (kike) au M (kiume), na idadi. Gawa idadi ya wasichana kwa jumla ya watoto wote wenye jina hilo. Wakiwa wasichana 900 na wavulana 100, hiyo ni asilimia 90, si jina la wote tena. Rudia kwa miaka mitatu iliyopishana kumi kumi, uone linaelekea wapi.

Mitego ni miwili. Tahajia huhesabiwa mbalimbali: Ashley na Ashleigh ni mistari tofauti, basi zijumlishe. Pili, jina lenye watoto chini ya watano wa jinsia moja kwa mwaka huachwa nje, kwa hiyo kutoliona si sawa na sifuri. Na takwimu za Marekani hazimsaidii mtoto atakayesoma Nakuru.

Kwenye Kiswahili jina laweza kupita kimyakimya, maana "amefika" ni ya wote. Utata huanza barua inapodai Bw. au Bi. Hapo jina la pili laweza kuwa dawa, mradi ni lake mwenyewe, si la baba: kwa Wajaluo Otieno ni la kiume na Atieno ni la kike, hivyo Kennedy Otieno hana utata, na Kennedy Atieno vilevile.