Je, wajua kwa nini dereva huogopa tochi kuliko faini?

Katika barabara ya Arusha hadi Moshi, yenye urefu wa takriban kilomita 80, gari linalokuja likikuwashia taa mchana kweupe, kila dereva anaelewa kwamba mbele kuna askari mwenye tochi, yaani kifaa cha mkononi cha kupimia mwendo. Ikiwa ni karibu na Kikatiti, mshale wa Coaster iliyokuwa ikikimbia 80 katika eneo la makazi, ambako mwisho ni 50, hushuka hadi 48, konda huwaambia waliosimama wachuchumae, na baada ya kona ya kwanza mshale hurudi ulikokuwa. Watoto wanaovuka kwenda shule wapo kabla ya askari na baada yake.

Wengi wetu tukiona hayo hukimbilia jibu moja: faini ni ndogo. Kwa makosa mengi ya barabarani, dereva anayekubali kosa hulipa shilingi 30,000, na husemwa mara kwa mara kwamba ingekuwa laki tatu nidhamu ingekuja yenyewe. Dhana hiyo ina mantiki, kwa kuwa maumivu makubwa hutisha kuliko madogo, lakini inasahau kwamba dereva hapigi hesabu ya faini iliyoandikwa katika sheria, bali ya faini anayoamini itampata yeye, leo, katika kipande hiki cha barabara. Akiamini kwamba hatakamatwa, laki tatu na elfu thelathini ni kitu kimoja, kwa sababu zote mbili amezizidisha na sifuri. Mwanafikra wa Kiitalia Cesare Beccaria alieleza mwaka 1764, kabla gari halijabuniwa, kwamba uhakika wa adhabu huzuia kosa kuliko ukali wake.

Uingereza ilitoa ushahidi mzuri. Sheria ya mwaka 1967 iliweka kiwango cha pombe kwa madereva na kuwapa polisi kipimo cha pumzi. Vifo na majeruhi vikapungua sana, kisha mafanikio hayo yakafifia. Mtafiti H. Laurence Ross alieleza kwamba mwanzoni madereva walidhani watakamatwa kirahisi, na baadaye wakagundua kuwa uwezekano ni mdogo. Sheria ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni imani.

Imani hiyo hujengwa polepole. Mtoto anayegusa jiko la mkaa huungua kila anapogusa, papo hapo, hata kama hakuna anayemtazama, ndiyo maana hahitaji somo la pili. Sasa fikiria jiko linalounguza mara moja tu katika miguso mingi, hata kama siku hiyo linaunguza vibaya: mtoto atajifunza kwamba kwa kawaida ni baridi, na siku ya kuungua ataiita bahati mbaya. Ndivyo asemavyo dereva aliyeandikiwa, kwamba leo hana bahati au askari alijificha, na ni nadra kumsikia akisema kwamba alikuwa anakimbia. Kila safari aliyofika salama kwa mwendo wa kasi imemfundisha kwamba mwendo hauna tatizo, na taa za wenzake zimemfundisha kwamba hatari iko pale aliposimama askari.

Faini inaweza hata kugeuka bei. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi waliotozwa faini kwa kuchelewa walizidi kuchelewa. Hao walikuwa wazazi, si madereva, hivyo matokeo hayo yasihamishwe yote hadi barabarani. Hata hivyo, anayeijua biashara ya abiria ameona faini ikihesabiwa pamoja na mafuta kabla ya hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, kutolewa.

Kwa hiyo Italia na Uholanzi zimefunga katika baadhi ya barabara kamera mwanzo na mwisho wa kipande, zikipima wastani wa mwendo, na kupunguza mbele ya kamera moja hakumsaidii dereva. Kwetu, mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha VTS kinachotuma taarifa za mwendo kwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, safari nzima. Kifaa hicho kinasogea karibu na lile jiko la kweli, mradi tu dereva aone kwamba taarifa zake zinasomwa na kuchukuliwa hatua mapema, kosa likiwa bado bichi akilini mwake.