"Zajipanga zenyewe"? Haya, njoo ushike chupa

Juzi barazani, Mji wa Kale, kahawa tungu ndiyo kwanza yamiminwa, shemeji yangu akalirudia lile lile: "Si hizo peptidi zako zajipanga zenyewe? Sasa wewe walipwa kwa lipi?" Baraza zima kicheko. Nami nikacheka, lakini nimechoka.

Ndiyo, peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino (matofali ya protini), zajipanga. Difenilalanini ni asidi amino mbili tu, kipande cha beta-amiloidi, ile protini inayoganda kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2003 Meital Reches na Ehud Gazit wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba majini kipande hicho hujenga mirija ya nano, myembamba mno kwa jicho. Wakaijaza madini ya fedha, wakaiyeyusha peptidi kwa kimeng'enya, zikabaki nyaya za unene wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Nini huzishikanisha, mambo ya bondi za hidrojeni na pete za kaboni kulaliana, yamo vitabuni.

Kinachonikera ni hilo "zenyewe". Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Chukua Fmoc-difenilalanini, yaani peptidi ile ile iliyovishwa kofia ya kikemia iitwayo Fmoc, iyeyushe kwa sodiamu hidroksaidi kidogo, kisha shusha pH, yaani ongeza asidi, igande jeli. Ukidondosha asidi hidrokloriki, kila tone lagandisha pale lilipoangukia kabla hujawahi kukoroga: mabonge meupe, kama uji wa mpishi mwenye haraka. Ukitia glukono-delta-laktoni, hiyo huyeyuka kwanza, halafu ndiyo igeuke asidi, taratibu, chupa nzima kwa pamoja. Kesho yake waipindua chupa juu chini, jeli imeng'ang'ania kitakoni, na kidole chako wakiona upande wa pili. Unga ule ule, pH ya mwisho ile ile! Bado sijataja joto, chumvi, wala stoki ya jana, ule mmumunyo wa akiba, ambayo imeshaanza kujikusanya bila ruhusa yako. Kwa hayo ndiyo nalipwa, shemeji.

Na la aibu pia nilitoe. Zile picha za hadubini ya elektroni tunazojivunia, nyingi ni za tone lililokaushwa juu ya kiwavu cha shaba. Maji yakipungua, mkolezo wa peptidi wapanda, na baadhi ya nyuzi zionekanazo pichani huenda zimezaliwa hapo hapo kwenye kiwavu, si chupani. Ninayo picha moja nzuri mno ninayoishuku hivyo. Imebandikwa ukutani maabarani, na kila mgeni huisifu kwanza. Sijaibandua.