Pampu ya oili kwenye mashine ya mtumba: ipime kwanza ndipo uitoe

Mzee mmoja wa Sahare, hapa Tanga, aliniletea mashine ya boti ya nguvu farasi 60, ya mtumba, rangi bado inang'aa. Sijafungua hata kifuniko akaniambia, "Fundi, hiyo pampu ya oili itoe. Tutachanganya wenyewe kama zamani." Nikamuuliza, mzee wangu, atakayechanganya ni nani? Akanionyesha kwa kidevu mjukuu wake, aliyekaa juu ya dumu akichezea simu.

Wateja wengi huja na ombi hilohilo, na sababu yao naielewa. Mashine ya tu-stroki haina oili iliyokaa chini kama ya gari. Petroli hupitia kwenye chumba cha krenkshafti ikielekea kwenye silinda, na oili iliyomo ndani yake ndiyo inayolainisha beringi, ringi na pistoni. Pampu ndiyo inayoitia oili hiyo kutoka kwenye tangi lake; ikiikata ukiwa katikati ya mkondo wa Pemba, unabaki na kasia. Ukichanganya mwenyewe, angalau unaona kwa macho kilichoingia kwenye dumu.

Unaona kweli? 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, ni mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ninachokutana nacho ni kipimo cha kifuniko cha chupa, tangi lililoongezwa petroli bila mtu kukumbuka kilichokuwemo, au oili iliyomiminwa juu ya dumu lililokwisha kujaa ikashuka chini na kulala. Tia oili na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Na oili iwe ya boti, iliyoandikwa TC-W3. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari, kwa hiyo oili yake imetengenezwa isiache majivu. Ile ya pikipiki huziachia plagi na ringi uchafu.

Pampu ina faida ambayo dumu haliwezi kukupa: hubadilisha kipimo kulingana na kazi. VRO, pampu ya oili ya mashine za Johnson na Evinrude, iliyoanza na modeli za 1984, hutoa karibu 150 kwa 1 mashine ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma taratibu bila kuongezewa mafuta, na 50 kwa 1 ukifungua mafuta yote. Moshi unapungua, plagi hazilowi, oili inadumu.

Turudi kwa mzee. Mpira wa kutoka kwenye tangi la oili niliukunja kidogo tu ukavunjika kama tambi ambayo haijapikwa. Chini ya tangi kulikuwa na maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Oili huelea, maji hukaa chini, na mdomo wa kunyonyea uko chini hukohuko. Pampu yenyewe ilikuwa haijafanya kosa lolote! Nikasafisha tangi, nikabadilisha mipira na klipu zote, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa mpaka oili ikatoka bila povu.

Kisha jaribio, nalo halina gharama. Changanya petroli 50 kwa 1 kama vile pampu haipo, jaza tangi la oili, piga alama kwa kalamu ya wino mzito, endesha saa mbili. Moshi utakuwa mwingi, vumilia. Oili ikishuka, pampu inavuta. Isiposhuka, injini yako bado salama kwa sababu ya ule mchanganyiko.

Ikishindwa, itoe kwa utaratibu. Pampu inayozungushwa na gia ukiiacha izunguke bila oili itajisaga, kwa hiyo toa na gia yake, na uzibe matundu ambamo mipira iliingia, la sivyo injini itavuta hewa. Ile ya VRO imeungana na pampu ya petroli: inabaki, unaziba njia ya oili tu. Kengele ya kukosa oili nayo italia. Mafundi wengine hukata waya wote, na kumbe king'ora hichohicho ndicho kinachokuambia mashine imechemka.

Usiibebeshe pampu kila lawama pia. Pistoni moja ikiwa na mikwaruzo na nyingine safi, mimi huanza na kabureta na njia ya maji, na kama kila silinda ina mpira wake wa oili, naukagua wa hiyo moja. Zikikwaruzika zote pamoja na beringi, hapo ni oili.

Mashine ndogo za kazi, kama Enduro 40 ya Yamaha, zimetoka kiwandani zikiwa za kuchanganya, na hizo sina ugomvi nazo. Oili ya mzee ilishuka upana wa kidole, nikaiacha mashine na pampu yake, mjukuu akapewa kazi ya kutazama tangi kila alfajiri. Mzee alikubali. Ila najua bado anatia kikombe cha oili kwenye petroli kwa siri. Moshi wake nautambua nikiwa nimesimama ufukweni.