Maji hayaufanyi msumari kuwa mgumu

Ukipita Kamukunji, Nairobi, nyundo zikilia kutwa, utasikia kwamba chuma chochote kikichovywa majini kingali chekundu kinakuwa kigumu. Sivyo. Kinachoamua ni kaboni. Msumari wa kawaida una kaboni kidogo mno: uchovye utakavyo, chembe cha mshale kilichofuliwa kutokana na msumari huo bado kitapinda kikigonga mfupa.

Springi ya gari ni habari nyingine. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, nayo huwa ngumu kweli ikichovywa. Ila hapo ndipo wengi huharibu kazi, maana maji huipoza ghafla mno hata ikapasuka; mafuta hufaa zaidi. Ikitoka humo huvunjika upesi, mpaka ipashwe tena polepole kupita nyuzi 200, uso uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu.

Basi mbona Wakamba waliwinda hata tembo kwa vyembe vya misumari? Kilichoua ni sumu ya mti wa Acokanthera, iliyopakwa nyuma ya chembe. Chuma kilitakiwa kupenya ngozi tu. (Usijaribu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.)